DENI LA MASOMO HALIFICHWI

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, siku ya Jumapili baada ya mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.)



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya deni la masomo. Wengine mliposikia habari hii mliulizana, chama cha wafanya kazi kina haja gani na mambo ya wanafunzi? Zamani swali hilo lingekuwa la haki. Mtu aliyetoka chuo kikuu alikwenda moja kwa moja ofisini, akapewa meza na kiti, na sisi tukabaki na mashine zetu. Siku hizi sivyo. Tazameni kulia na kushoto kwenye mabenchi mliyokalia. Yule anayepakia magunia pamoja nawe katika mtaa wa viwanda ana digrii ya biashara. Yule mlinzi wa usiku alisoma diploma ya umeme. Yule kondakta wa matatu ya Kayole aliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo. Hao wote ni wanachama wetu, au watakuwa wanachama wetu kesho, na wengi wao wana deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB. Na nyinyi wazee ambao hamkusoma chuo, msidhani mmeokoka. Ni nyinyi mliotia sahihi kuwa wadhamini.

Basi jambo hili ni la mshahara, na jambo la mshahara ni letu.

Twaanza na kisa kimoja, wala hatutamtaja mtu kwa jina. Mzee mmoja wa Jericho, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuja ofisini kwetu akiwa na bahasha ndani ya koti. Alikaa kitambo kizima bila kusema neno. Tukamwuliza, "Mzee, kuna nini? Umeachishwa kazi?" Akajibu, "Hapana, wanangu, kazi ipo. Ni barua hii. Imekaa chini ya godoro miezi minne." Ilikuwa barua ya kumkumbusha kwamba kijana wake hajalipa mkopo wa masomo, na kwamba yeye baba ndiye mdhamini. Kijana alikuwa amebadili namba ya simu, na sanduku la posta lililoandikwa katika fomu lilikuwa la baba. Kwa hiyo kila barua ilimfikia baba. Baba akaificha, asije akamtia kijana aibu mbele ya mama yake. Kijana naye alilificha deni, asije akamwumiza baba aliyebakiwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Watu wawili wanaopendana, katika nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile. Lakini deni halina aibu wala mapenzi. Liliendelea kukua.

Ndugu zetu, kisa hiki si cha mzee yule peke yake. Tangu siku ile tumeuliza polepole huku na huku, na tumeona kwamba magodoro ya mitaa yetu yamelaliwa juu ya barua nyingi.

ASILI YA MIKOPO HII

Yafaa tujue deni hili lilitoka wapi, maana wako wanaosema kuwa fedha hizi ni sadaka ya Serikali na hapana haja ya kuzilipa. Kukopeshwa kwa ajili ya masomo ya juu si jambo la jana. Serikali ya kikoloni ilianza mfuko wa namna hiyo mwaka 1952, kwa ajili ya waliokwenda kusoma nchi za nje. Baada ya Uhuru, mwaka 1974, Serikali yetu ikaanza mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu. Mpango ule haukuwa na sheria yenye meno, na watu wengi walikwenda zao na fedha bila kuulizwa. Ndipo Bunge likatunga sheria mwaka 1995, na HELB ikazaliwa. Bodi ilipozaliwa ilianza kuwatafuta hata wale wa miaka ya sabini. Siku hizi haikopeshi watu wa chuo kikuu peke yao, bali wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia.

Fedha hizi zina mzunguko. Anacholipa mtu wa jana huingia katika mfuko unaomkopesha mtoto wa leo. Kwa hiyo mtoto wa Dandora anayengoja fedha za chakula chuoni anangoja pia fedha iliyo mfukoni mwa ndugu yake mkubwa wa Umoja. Hatusemi hivi ili tumlaumu mtu asiye na kazi. Twasema hivi ili tusidanganyane kwamba deni hili halina mwenyewe.

Tena kumbukeni kwamba mitaa hii haikuanza leo kuchangia masomo. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya, na aliyepata kukaa hapa jirani Ziwani, alisimamia safari ya ndege ya mwaka 1959 iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Nauli za ndege zilitafutwa kwa marafiki wa huko, lakini huku nyumbani jamaa na majirani walifanya karamu za chai na kuchanga shilingi kwa shilingi ili kijana wao apate cha kushika mkononi. Mambo yalifanywa hadharani, mbele ya watu, na kila mtu alijua nani anakwenda na nani amechanga. Leo kijana anachukua mkopo peke yake, anadaiwa peke yake, na kuficha peke yake. Hapo ndipo tulipopoteza kitu.

SHERIA YASEMAJE

Sasa tuje kwenye sheria. Haina haja ya kuogopesha mtu, mradi aijue.

Mkopaji anapomaliza masomo, sheria inampa muda wa mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo yampasa aiarifu Bodi anwani yake na aanze kulipa. Kama ameajiriwa, yampasa amruhusu mwajiri akate fedha katika mshahara. Riba ya mkopo wa kawaida wa masomo ya digrii ni asilimia 4 kwa mwaka. Riba hiyo ni ndogo sana. Hakuna benki, wala mkopo wa simu, utakaokupa fedha kwa riba kama hiyo. Kijana anayekopa kwa simu ili aishi, na huku anaukimbia mkopo wa asilimia 4, anaikimbia mvua na kujitosa mtoni.

Kinachoangusha watu si riba. Ni faini. Asiyelipa wala asiyejitokeza huandikiwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi unaopita. Faini hiyo haiangalii ulikopa nyingi au kidogo. Haiangalii kwamba unauza mitumba Gikomba au kwamba umekaa nyumbani kwa mama. Mwezi ukipita, shilingi 5,000 zimeandikwa.

HESABU

Twawaombeni mtoe kalamu, maana hesabu hii ndiyo moyo wa mazungumzo yetu.

Tuseme kijana anadaiwa shilingi 180,000 siku ile ambayo yampasa kuanza kulipa. Riba ya mwaka mzima ni shilingi 7,200, yaani shilingi 600 kwa mwezi. Faini ya mwezi mmoja ni shilingi 5,000. Kwa maneno mengine, faini ya miezi miwili tu imekwisha kuipita riba ya mwaka mzima. Faini ya mwaka ni shilingi 60,000. Akijificha miaka mitatu, faini peke yake imefika shilingi 180,000, na deni limekuwa mara mbili kabla hujahesabu riba.

Sasa geuzeni hesabu upande wa pili. Kijana yule yule, kwa deni lile lile, angelipa shilingi 5,000 kila mwezi tangu mwanzo. Angemaliza deni lote pamoja na riba yake katika muda wa miezi 39 hivi. Oneni ajabu hii, ndugu zetu. Shilingi 5,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu: aliyejitokeza amekaribia kumaliza, na aliyejificha ndiyo kwanza deni lake limekuwa mara mbili. Fedha ni ile ile. Tofauti ni kujitokeza na kujificha.

Twajua mtasema, "Na asiye na hiyo elfu tano?" Swali ni la haki, na tutalirudia. Lakini hata yeye hana faida ya kujificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Asiye na kazi na aiandikie Bodi barua, aeleze hali yake, aombe mpango anaoweza kuutimiza, na aweke nakala. Barua hiyo haifuti deni. Ila siku ya kuomba kupunguziwa faini, mwenye nakala ya barua anasimama mahali pazuri kuliko yule aliyebadili namba ya simu.

TAZAMENI KARATASI YA MSHAHARA

Sasa twasema na wale walioajiriwa. Sheria ya HELB imemfunga mwajiri pia. Akimwandika kazi mtu mwenye mkopo, yampasa aiarifu Bodi katika muda wa miezi mitatu. Kisha yampasa akate kila mwezi na kupeleka fedha. Mwajiri anayekata na asipeleke anavunja sheria, na faini ni juu yake.

Kwa nini twasema haya? Kwa sababu yamewapata wenzetu. Mwanachama mmoja, mwendesha mashine, alikatwa miaka miwili. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha HELB, na yeye akalala usingizi. Alipokwenda kuomba mkopo wa kununua kiwanja aliambiwa jina lake ni baya. Alipotazama taarifa ya deni lake akakuta miezi mingi mitupu. Fedha ilitoka katika mshahara wake lakini haikufika. Kilichomwokoa ni kwamba mkewe alizitunza karatasi zote za mshahara katika mkebe wa biskuti. Zilikuwa ushahidi. Bila mkebe ule angebaki na maneno matupu.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. La kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe karatasi inayoonyesha mshahara na kila kinachokatwa. Idai, na uitunze. La pili, angalau mara mbili kwa mwaka tazama taarifa ya deni lako kwa Bodi yenyewe, kwa simu au katika ofisi, uone kama kila kilichokatwa kimefika. La tatu, ukiona mwezi umekosekana, usiende kugombana na karani wa mishahara peke yako. Mwone mwakilishi wa chama hapo kazini. Dai la mtu mmoja husahauliwa. Dai la chama huandikwa na kujibiwa.

Tena Sheria hiyo hiyo ya Ajira yasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mkopo wa Sacco, HELB, na mengineyo, yote yakikusanywa, lazima theluthi moja ibaki mkononi mwako. Ukiona unapokea chini ya hapo, karatasi yako ilete kwetu.

JINA LAKO KATIKA CRB

Wengi wenu mmesikia neno CRB, na mkilisikia mnashtuka kama aliyetajiwa polisi. Tulieleze. Hizi ni ofisi zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kuandika habari za wakopaji: nani amekopa, nani amelipa, nani amechelewa. Ya kwanza ilipewa leseni mwaka 2010, na baadaye zikawa tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kuandikwa huko si kosa. Aliyelipa vizuri pia ameandikwa, na sifa yake njema inamsaidia. Kibaya ni kuandikwa kuwa hulipi, na HELB hupeleka huko majina ya wasiolipa.

Madhara yake mnayaona wenyewe. Benki inakukatalia. Hata simu inakukatalia shilingi mia tano. Na kijana anayetafuta kazi ya Serikali huambiwa alete cheti cha CRB na cheti cha HELB pamoja na vile vya kodi, polisi na tume ya maadili. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu: mtu ananyimwa kazi kwa kuwa hakulipa deni, na hawezi kulipa deni kwa kuwa amenyimwa kazi. Chama chetu kimelisema jambo hili na kitazidi kulisema.

Lakini zijueni haki zenu. Mkopeshaji hutakiwa amwarifu mkopaji siku 30 kabla ya kulipeleka jina lake kwa ubaya. Kila mtu ana haki ya kupewa taarifa yake bure mara moja kwa mwaka katika kila ofisi ya CRB. Kwa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko, na cheti cha kwanza cha mtu ni bure. Ukikuta kosa, kwa mfano deni ulilokwisha kulipa bado limeandikwa, una haki ya kulipinga, na yawapasa kuchunguza. Na mjue jambo moja lisilopendeza: habari mbaya haifutiki siku ile unapolipa. Hubaki katika daftari miaka mitano tangu siku ya kulipa, ila sasa imeandikwa kwamba umelipa. Ndiyo maana kulipa mapema ni bora. Anayengoja miaka kumi ndipo alipe, anaongeza na mitano mingine juu yake.

Baada ya kumaliza deni dai cheti cha kumaliza kutoka kwa Bodi, kisha baada ya muda kidogo tazama taarifa yako ya CRB uone kama wameandika. Usidhani ofisi mbili zinazungumza kila asubuhi kama majirani wa Bahati.

JE, MSAMAHA UPO?

Swali hili ndilo tuliloulizwa zaidi. Tujibu kwa uwazi, maana mitaani kuna wakora wanaouza msamaha kwa shilingi elfu mbili. Msiwape. Fedha ya deni hulipwa kwa njia ya Bodi yenyewe, haipiti mkononi mwa mtu.

Nchi nyingine zina msamaha. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 kwamba mwenye mkopo wa serikali kuu akifanya kazi ya kuhudumia umma, kama mwalimu au muuguzi, na akalipa mara 120, yaani miaka kumi, deni linalobaki laweza kufutwa. Hapa Kenya hatuna sheria ya namna hiyo. Fedha uliyokopa hudaiwa mpaka iishe.

Lakini hapa kwetu faini yaweza kusamehewa. Mara kwa mara Bodi hutangaza kwamba anayelipa deni lote kwa mara moja atasamehewa faini, yote au sehemu kubwa. Tangazo kama hilo likitoka, wenye deni la zamani waungane na jamaa zao, au waende kwenye Sacco, wapige hesabu. Mara nyingine kukopa Sacco kwa riba ya kawaida ili kuua faini ni busara. Mara nyingine si busara. Hesabu ndiyo itakayosema, si moyo.

Tena kuna hukumu ambayo kila mwenye deni la zamani yampasa aijue. Katika sheria ya mabenki kuna kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2007, kwamba deni likiacha kulipwa, riba haiwezi kuendelea kupanda hadi ikapita fedha iliyokuwa imebaki siku ile. Wakopaji watatu wa HELB walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kanuni hiyo inaifunga HELB pia. Watu watatu tu, ndugu zetu, na hawakujificha. Walisimama mbele ya jaji na deni lao mkononi. Kwa hiyo kama ulikopa elfu themanini na leo unaambiwa laki nne, usilipe kwa hofu wala usikimbie kwa hofu. Lete taarifa yako, tuipeleke kwa wakili.

Na tutazame ng'ambo ya mpaka. Wenzetu wa Tanzania wana Bodi yao ya mikopo. Mwaka 2016 sheria yao ilibadilishwa, makato ya mshahara yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15, na juu yake deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, ati kulinda thamani ya fedha. Wafanya kazi walilalamika, mwaka baada ya mwaka. Kisha siku ya Mei Mosi mwaka 2021, mjini Mwanza, mbele ya wafanya kazi waliokusanyika, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuiondoa ile asilimia 6. Angalieni neno hilo lilisemwa siku gani na mbele ya nani. Halikusemwa katika chumba cha wanafunzi. Lilisemwa katika sikukuu ya wafanya kazi.

TUNATAKA NINI

Ndugu wanachama, chama hakiwezi kusema "lipeni" kisha kikanyamaza. Dawa ya deni ni kulipa, hilo ni kweli, lakini daktari naye asimtoze mgonjwa kwa kuwa mgonjwa. Kijana asiye na kazi kuandikiwa shilingi 5,000 kila mwezi ni kumtwika mtu aliyekwisha kuanguka. Tunataka faini ihesabiwe tangu siku mtu alipopata kazi, wala si tangu siku alipovua joho. Mwaka 2020 ulipelekwa Bungeni mswada wa kutaka asiye na kazi asisumbuliwe mpaka apate kazi. Hatuoni sababu ya jambo hilo kulala. Tunataka pia mwajiri anayekata na kuzuia fedha ashitakiwe yeye, na jina la mfanya kazi lisipelekwe CRB kwa kosa la bwana mkubwa. Na tunataka cheti kisiwe ukuta wa kumzuia kijana kupata ile kazi ambayo kwayo angelipa.

Haya tutayapeleka kwa njia ya Shirikisho letu. Lakini hatuwezi kuyapeleka kwa maneno ya barabarani. Twahitaji watu wenye karatasi. Kama wale watatu wangeficha barua zao, hukumu ya mwaka 2022 isingekuwapo.

MWISHO WA KISA

Mlitaka kujua yaliyompata yule mzee wa Jericho. Tulimwambia, "Mzee, nenda nyumbani, mpe kijana barua mkononi, usimgombeze." Akakaa kimya, kisha akasema, "Nitaanzaje?" Tukamwambia, "Anza kwa kumwambia kwamba wewe pia uliificha."

Juma lililofuata walifika wawili, baba na mwana, wote wamevaa mashati ya kwenda kanisani. Mmoja wetu akafuatana nao mpaka Anniversary Towers, karibu na Chuo Kikuu, ziliko ofisi za Bodi. Walipokewa vizuri, wakapewa taarifa ya deni, na kijana akaeleza kwamba ana kazi ya mkataba katika ghala moja. Wakapanga kiasi cha kulipa kwa mwezi. Hakikuwa kidogo, na faini ya nyuma bado wanaiombea. Lakini walipokuwa wakishuka, baba akamwuliza mwanawe, "Kumbe ulikuwa unajua muda wote huu?" Kijana akasema, "Baba, nilikuwa nikikuona unageuza godoro." Wakacheka mpaka mlangoni.

Ndugu zetu, tumesema mengi, na wengine mna zamu ya jioni. Shikeni neno moja. Deni hili si haramu wala si aibu. Ni fedha, na fedha huhesabika. Likifichwa linakua, likitolewa nje linapungua. Jumamosi ijayo ofisi ya tawi itafunguliwa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Leteni barua, leteni karatasi za mshahara, leteni na watoto wenu. Asiyejua kusoma tutamsomea. Mwenye hofu tutakwenda naye.

Na leo usiku, kabla ya kulala, kila mzee ainue godoro lake.

Umoja ni nguvu.